Chai, bia na asilimia 95: ugomvi uliomo ndani ya kitabu chako cha takwimu

Leo tuweke PHP na Java kando kidogo. Nataka tuzungumze juu ya sura moja ya kitabu cha takwimu ambayo karibu kila mtu aliyesoma sayansi ya kompyuta, uchumi, uuguzi au kilimo chuoni aliipitia, akaifanyia mtihani, kisha akaisahau. Ni ile sura inayoanza na nadharia tete na kuishia na masafa ya imani. Unaikumbuka. Andika dhana kwamba hakuna tofauti yoyote, piga hesabu, tafuta thamani ya p. Ikiwa chini ya 0.05 kataa dhana, ikiwa juu usiikatae. Halafu ukurasa unaofuata: chukua wastani, jumlisha na utoe 1.96 mara kitu fulani, andika kwamba una imani ya asilimia 95 kuwa jibu liko kati ya hapa na pale. Alama mbili.

Mwanafunzi makini huhisi kwamba kuna kitu hakijakaa sawa katika sura hii. Kwa nini tunaambiwa "tusikatae" dhana badala ya kusema tumeikubali? Kwa nini 0.05 na si 0.03? Na kwa nini mwalimu anakukata alama ukisema kuna uwezekano wa asilimia 95 kwamba jibu limo ndani ya masafa, ilhali ndivyo kila mtu anavyoelewa akisikia maneno hayo? Mimi sidhani tatizo ni ugumu wa hesabu. Hesabu yenyewe mtu wa kidato cha nne anaiweza. Tatizo ni historia. Sura hiyo imeshonwa kwa vitambaa viwili vya watu waliokuwa hawapikiki chungu kimoja, na waandishi wa vitabu hawakutuambia. Basi turudi nyuma.

Wazo la msingi ni la zamani. Mwaka 1710 John Arbuthnot, daktari wa Malkia Anne wa Uingereza, alichukua rekodi za ubatizo za London za miaka 82 akaona kwamba kila mwaka, bila kukosa hata mmoja, wavulana walikuwa wengi kuliko wasichana. Akajiuliza: kama jambo hili ni sawa na kurusha sarafu, uwezekano wa miaka 82 mfululizo ni upi? Ni nusu ikizidishwa kwa nusu mara 82, namba ndogo kiasi kwamba hakuna haja ya kuiandika. Akahitimisha kwamba si bahati, ni mkono wa Mungu. Tazama vizuri alichofanya. Kukataa bahati kulikuwa sawa kabisa. Kuruka kutoka "si bahati" hadi kwenye maelezo aliyoyapenda yeye ni hatua nyingine, na hesabu yake haikumpa ruhusa hiyo. Zaidi ya miaka 300 baadaye bado tunaruka vivyo hivyo kwenye ripoti zetu.

Sasa twende Dublin, Ayalandi, kwenye kiwanda cha Guinness. Ndiyo, bia nyeusi hiyo hiyo inayouzwa hapa kwetu. Mwaka 1899 kiwanda kilimwajiri kijana mmoja aliyesomea kemia na hisabati Oxford, jina lake William Sealy Gosset. Kazi yake ilikuwa kuboresha bia: shayiri ipi ni bora, mbolea ipi, shamba lipi. Shida ikawa hii. Mbinu za takwimu za wakati huo, nyingi zikitoka kwa Karl Pearson wa chuo cha University College London, zilidhani una vipimo mamia au maelfu. Gosset alikuwa na mashamba manne. Labda saba. Huwezi kumwambia mwenye kiwanda asubiri miaka mia ili upate data ya kutosha.

Mwaka 1906 kampuni ilimruhusu kwenda London kukaa na Pearson karibu mwaka mzima, na huko ndiko alikotafuta jibu: ukiwa na vipimo vichache, wastani wako unaweza kupotoka kiasi gani kutoka kwa ukweli? Alipata kanuni, lakini alitaka kuihakiki. Hapa ndipo mimi kama mtu wa kompyuta ninampenda Gosset kuliko wote. Alichukua vipimo vya wahalifu 3000 vilivyokuwa vimechapishwa, yaani urefu wa mwili na urefu wa kidole cha kati cha mkono wa kushoto. Akaandika kila kimoja kwenye kipande cha karatasi ngumu, akavichanganya kama karata, akavitoa kimoja kimoja kwa bahati nasibu na kuvigawa katika mafungu ya vinne vinne. Mafungu 750. Kwa kila fungu akapiga hesabu ya wastani na ya mtawanyiko, kwa mkono, kisha akalinganisha na kanuni yake.

Hiyo ni simulesheni. Leo tungeiandika kwa mistari kumi ya Python na ingemaliza kabla hujainua kikombe. Yeye alifanya hivyo bila kompyuta, na makala yake ikatoka Machi 1908 katika jarida la Biometrika. Kampuni haikutaka wafanyakazi wachapishe kwa majina yao, kwa hiyo aliandika chini ya jina la "Student", yaani mwanafunzi. Ile jedwali ya t iliyo nyuma ya kitabu chako ni ya mtengeneza bia aliyejificha.

Kumbuka jambo moja kuhusu Gosset kabla hatujamwacha: yeye aliwaza gharama. Kwake swali lilikuwa kama inalipa kupanda mbegu hii, na ni hatari kiasi gani kukosea. Hakuwa na mpaka wa kichawi ambao ukiuvuka unakuwa mwanasayansi.

Mpaka huo tuliletewa na Ronald Fisher. Alizaliwa London mwaka 1890, macho yake yalikuwa mabovu sana, na inasemekana kwa sababu hiyo alizoea kutatua hesabu za jiometri kichwani bila kuchora. Mwaka 1919 aliajiriwa Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo kaskazini mwa London ambacho kilikuwa kimefanya majaribio ya mbolea tangu 1843. Kulikuwa na madaftari ya miongo mingi ya mvua na mavuno, na hakuna aliyejua la kuyafanyia. Fisher aliona kwamba data nyingi hazisaidii kama jaribio lilipangwa vibaya tangu mwanzo. Ukiweka mbolea mpya upande wa shamba ulio na udongo mzuri, utapima udongo, si mbolea. Dawa yake ilikuwa kugawa vipande vya shamba kwa bahati nasibu. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote aliyofanya, kubwa kuliko fomula zake zote.

Hadithi maarufu ni ya chai. Huko Rothamsted, Fisher alimmiminia kikombe mwenzake, Muriel Bristol, mtaalamu wa mwani. Mama huyo akakataa: yeye alipenda maziwa yatangulie kwenye kikombe kabla ya chai. Fisher akasema haiwezi kuleta tofauti. Bristol akasema anaweza kuonja akajua. (Kwetu swali hili lisingezuka kabisa. Maji, maziwa na majani huchemshwa pamoja sufuriani na mambo yanaishia hapo.) Wakaamua kujaribu, na mwaka 1935 Fisher alilitumia jaribio la namna hiyo kufungua mafundisho ya kitabu chake The Design of Experiments, bila kumtaja mama kwa jina na bila kutuambia matokeo.

Mpango ni huu. Andaa vikombe 8: vinne maziwa kwanza, vinne chai kwanza. Mpe kwa mpangilio wa bahati nasibu. Mwambie achague vile vinne vya maziwa kwanza. Kuna njia 70 za kuchagua vinne kati ya vinane, na moja tu ndiyo sahihi. Kama mama anabahatisha tu, uwezekano wa kupata vyote ni 1 kati ya 70, karibu 0.014. Je, akikosea kimoja, yaani akipata vitatu sahihi kati ya vinne? Njia za kufika hapo ni 16, ukijumlisha na ile moja kamili unapata 17 kati ya 70, karibu 0.24. Kwa hiyo kukosea kikombe kimoja tu kunaharibu ushahidi wote. Hiyo ndiyo thamani ya p bila jedwali wala fomula: kama hakuna kitu chochote kinachoendelea, matokeo ya namna hii au makali zaidi yangetokea mara ngapi?

Kwa Fisher, p ilikuwa kipimo cha mshangao. Ikiwa ndogo, ama jambo la nadra limetokea ama dhana yako si kweli. Ikiwa kubwa, hujathibitisha lolote; mama huenda ana ulimi mkali ila vikombe havikutosha. Ndiyo maana ya "usikatae" badala ya "kubali". Hilo ni swali la kwanza tulilouliza, na limejibiwa na Fisher.

La pili pia ni lake. Katika kitabu chake cha mwaka 1925, Statistical Methods for Research Workers, alieleza kwamba mstari wa 1 kati ya 20 unaangukia kwenye mchepuko sanifu 1.96, karibu 2, na kwamba ni rahisi kuuchukua kama mpaka. Rahisi. Hiyo tu. Hakuna sheria ya asili inayosema 0.05, na baadaye, mwaka 1956, yeye mwenyewe aliandika kwamba mwanasayansi halisi hatumii kiwango kimoja mwaka hata mwaka kwa kila jambo. Lakini jedwali zilikuwa zimeshachapishwa, na watu walikuwa wanapiga foleni kuzitumia.

Sasa wanaingia wengine wawili. Egon Pearson alikuwa mtoto wa yule Karl Pearson, mtu mpole aliyeishi chini ya kivuli cha baba mkali. Jerzy Neyman alikuwa Mpolandi aliyezaliwa mwaka 1894 Bendery, mji ambao siku hizo ulikuwa katika milki ya Urusi na leo uko Moldova. Alifika London mwaka 1925 kusoma kwa Karl Pearson, akakuta hesabu ya pale haimtoshi, lakini akapata rafiki: Egon.

Egon alikuwa na swali lililomsumbua. Unapochagua jaribio la takwimu, unajuaje kwamba hili ni bora kuliko lile? Mwaka 1926 alimwandikia Gosset, na jibu la mtengeneza bia ndilo lililowasha moto: jambo lisilo la kawaida halikufanyi uitupe dhana yako mpaka uwe na dhana nyingine inayolieleza vizuri zaidi. Soma tena sentensi hiyo ukimkumbuka Arbuthnot. Fisher alikuwa na dhana moja tu mezani. Neyman na Pearson wakaweka mbili, na wakiandikiana barua kati ya London na Polandi wakafanya kazi mpaka makala yao kubwa ya mwaka 1933.

Wazo lao mtu wa mifumo analielewa haraka. Chukua kengele ya seva. Kengele inaweza kulia saa nane usiku na kumbe hakuna tatizo, unaamka bure. Au seva inaweza kufa na kengele ikanyamaza. Hayo ni makosa mawili tofauti, na huwezi kuyapunguza yote mawili bila kuongeza vipimo: ukiifanya kengele isilie ovyo, itakosa mengine ya kweli. Neyman na Pearson waliyaita kosa la aina ya kwanza na kosa la aina ya pili. Unaamua mapema ni kelele kiasi gani unaweza kuvumilia, kisha unatafuta kengele ambayo, kwa kiwango hicho cha kelele, inakamata matatizo mengi iwezekanavyo. Uwezo huo wa kukamata ndio nguvu ya jaribio. Baada ya hapo unafuata kanuni. Ikilia, amka. Isipolia, lala. Hawadai kwamba usiku huu mahususi kuna tatizo au hakuna. Wanadai kwamba ukifuata kanuni kwa miaka, makosa yako hayatazidi kiasi ulichopanga.

Fisher alichukia wazo hili. Kwake lilikuwa ukaguzi wa kiwandani, kukubali au kurudisha shehena ya bidhaa, na mwanasayansi si karani wa ghala. Ukiniuliza mimi, wote walikuwa na haki, kwa sababu walikuwa wanajibu maswali tofauti. Fisher aliuliza: data hizi zinaniambia nini? Neyman aliuliza: nifanye nini? Lakini hakuna aliyekuwa tayari kusema hivyo, na mazingira yakazidi kuwa mabaya. Karl Pearson alipostaafu mwaka 1933 idara yake ilikatwa vipande viwili, kimoja akapewa Egon na kingine Fisher, ndani ya jengo moja. Mwaka uliofuata Neyman naye akahamia kwa Egon. Walikuwa na chumba kimoja cha mapumziko, na makundi hayo mawili yalikunywa chai kwa zamu ili wasikutane! Chai tena.

Machi 1935 Neyman aliwasilisha makala kuhusu majaribio ya kilimo mbele ya chama cha wanatakwimu, Royal Statistical Society, akikosoa baadhi ya mbinu za Fisher. Fisher alisimama akasema alitarajia mwandishi angechagua mada anayoijua. Baada ya siku hiyo hawakupatana tena. Mwaka 1938 Neyman alivuka bahari kwenda Berkeley, Marekani, akajenga idara iliyozaa wanatakwimu wengi, na Fisher aliendelea kumshambulia kwa maandishi karibu mpaka kifo chake mwaka 1962.

Katikati ya vurugu hizo ndipo masafa ya imani yalipozaliwa. Neyman aliyaleta Uingereza mwaka 1934 katika makala kuhusu uchunguzi wa sampuli, na mwaka 1937 akayaeleza kikamilifu. Mwaka ule wa 1934, katika mjadala, mzee Arthur Bowley alisema hana hakika kama "imani" hii si kiinimacho. Ninamwelewa.

Hebu tupige mfano wa kubuni. Umewaonyesha watu 400 ukurasa mpya, 60 wakabonyeza kitufe. Hiyo ni asilimia 15. Mchepuko wa makadirio hayo ni karibu asilimia 1.8, zidisha kwa 1.96 upate karibu 3.5. Masafa yako ni 11.5 hadi 18.5. Je, kuna uwezekano wa asilimia 95 kwamba kiwango halisi kimo humo? Neyman anasema hapana. Kiwango halisi ni namba moja iliyotulia, huijui lakini haichezi. Kinachocheza ni masafa yako: ungewaonyesha watu wengine 400 ungepata masafa mengine.

Fikiria mvuvi ambaye samaki wake amelala mahali pamoja chini ya maji, haondoki. Mvuvi ndiye anayetupa wavu, na kwa uzoefu wa miaka anajua wavu wake humfunika samaki mara 95 kati ya 100. Leo ametupa, ni usiku, hajauvuta. Samaki ama yumo ama hayumo. Ile 95 ni sifa ya wavu na mkono wa mvuvi, si sifa ya mtupo huu mmoja. Ndiyo sababu mwalimu alikukata alama, na hilo ndilo jibu la swali letu la tatu, safari hii kutoka kwa Neyman. Fisher, kwa upande wake, alitaka kuzungumza juu ya mtupo huu huu wa leo, akabuni njia yake ya kufanya hivyo, lakini watu wachache sana waliifuata.

Kuna kitu kizuri ambacho vitabu vingi hukitaja kwa mstari mmoja tu. Masafa ya imani na jaribio la nadharia tete ni kitu kimoja kikitazamwa pande mbili. Masafa ya asilimia 95 ni orodha ya dhana zote ambazo data yako isingezikataa kwa kiwango cha 0.05. Dhana kwamba kiwango ni asilimia 13? Imo, haikataliwi. Asilimia 20? Iko nje, inakataliwa. Kwa hiyo masafa yanakupa majibu ya majaribio mengi kwa mpigo, na zaidi ya hapo yanakuonyesha ukubwa wa jambo. Thamani ya p peke yake haikuonyeshi hilo.

Kuanzia miaka ya 1940 waandishi wa vitabu vya saikolojia, elimu na kilimo walihitaji kufundisha mambo haya kwa watu wasiopenda hesabu. Wakachukua thamani ya p na 0.05 ya Fisher, dhana mbadala na makosa mawili ya Neyman na Pearson, wakachanganya na kupika. Majina yakaondolewa. Ugomvi ukaondolewa. Ikabaki kanuni moja inayoonekana kama imeshuka kutoka mbinguni: unasoma p kama kipimo cha ushahidi na wakati huo huo unaitumia kama kengele ya kukubali au kukataa. Matokeo yake majarida yakaanza kuchapisha chochote kilichopata 0.049 na kutupa kilichopata 0.051. Hali ilifika mahali ambapo mwaka 2015 jarida moja la saikolojia, Basic and Applied Social Psychology, lilipiga marufuku thamani za p kabisa, na mwaka 2016 chama cha wanatakwimu cha Marekani kililazimika kutoa tamko rasmi kwamba p si uwezekano wa dhana kuwa kweli, na kwamba uamuzi wa kisayansi au wa kibiashara usitegemee tu kama p imevuka mstari.

Nisiwapambe wazee hawa kupita kiasi. Fisher alikuwa muumini wa nadharia za kuboresha uzao wa binadamu, zile zilizopanga watu kwa mbegu na rangi, na Karl Pearson vilevile. Mwaka 2020 University College London iliondoa jina la Pearson kwenye jengo lake kwa sababu hiyo. Tena miaka ya mwisho ya 1950 Fisher, mvuta kiko, akiwa mshauri wa watengenezaji wa sigara, alibisha kwamba sigara huleta saratani ya mapafu. Hoja yake ilikuwa kwamba hakuna aliyegawa wavutaji kwa bahati nasibu. Kikanuni alikuwa na pointi. Kiukweli alikosea vibaya.

Sisi wa programu tumeirithi sura hii pamoja na kasoro zake. Jaribio la A/B la vitufe viwili ni shamba la Rothamsted lililohamishiwa kwenye tovuti: watumiaji wanagawanywa kwa bahati nasibu, unahesabu. Dhambi yetu kubwa ni kuchungulia. Unaanzisha jaribio Jumatatu, kila asubuhi bosi anauliza "vipi, tumeshafika?", na siku p inaposhuka chini ya 0.05 mnafunga jaribio na kusherehekea. Mwaka 1969 Peter Armitage na wenzake walipiga hesabu ya jambo hili. Kama hakuna tofauti yoyote, ukitazama mara moja mwishoni utadanganyika kwa asilimia 5, kama ilivyoahidiwa. Ukitazama mara 5 njiani, asilimia 14. Mara 10, asilimia 19. Mara 20, karibu asilimia 25. Ukichungulia bila kikomo, lazima siku moja utashinda. Kengele ya Neyman ina masharti: idadi ya vipimo uliipanga kabla.

Haina maana kwamba kuchungulia ni haramu. Wakati wa vita vya pili vya dunia Abraham Wald, akiwa Marekani, alionyesha namna ya kupima huku ukitazama, mradi mpaka wa kusimama uwekwe kwa hesabu tangu mwanzo. Na mfano bora wa jambo hilo ninaoujua ulifanyika hapa hapa nyumbani.

Mwaka 2002 lilianza jaribio mjini Kisumu kujua kama tohara ya wanaume inapunguza maambukizi ya virusi vya ukimwi. Watafiti waliandikisha vijana 2784 wa umri wa miaka 18 hadi 24, wakawagawa kwa bahati nasibu: 1391 watahiriwe mara moja, 1393 wasubiri. Hapa hatuzungumzii rangi ya kitufe. Kama tohara inasaidia, kila mwezi wa kusubiri kuna vijana wanaoambukizwa bure. Kama haisaidii na ukasimama mapema kwa sababu ya bahati, unapeleka mamilioni ya wanaume kwenye upasuaji usio na faida, wengine wakidhani sasa wako salama. Makosa mawili ya Neyman, yote mawili na watu ndani yake. Ndiyo maana kulikuwa na bodi huru iliyotazama data katika vituo vya njiani. Katika kituo cha tatu, tarehe 12 Desemba 2006, bodi ilisimamisha jaribio, na kundi la kusubiri likapewa nafasi ya kutahiriwa.

Matokeo: walioambukizwa walikuwa 22 katika kundi la tohara na 47 katika kundi la kusubiri. Kwa miaka miwili hiyo ni asilimia 2.1 dhidi ya 4.2, na p ilikuwa 0.0065. Yaani kama tohara haina athari yoyote, tofauti kubwa namna hiyo ingejitokeza mara kama 65 tu katika majaribio 10,000. Fisher angeridhika. Lakini serikali inayopanga bajeti haiwezi kufanya mengi na 0.0065. Inayohitajika ni ile sehemu ya pili: hatari ilipungua kwa asilimia 53, na masafa ya imani ni 22 hadi 72. Sifuri haimo. Mia pia haimo, hata karibu haijafika, na ndiyo sababu ujumbe wa kondomu haukuondolewa.

Wavu mmoja unaweza kumkosa samaki. Lakini jaribio la Orange Farm, Afrika Kusini, lililotoa matokeo mwaka 2005, lilipata asilimia 60, masafa 32 hadi 76. La Rakai, Uganda, lililosimamishwa siku ile ile na la Kisumu, lilipata 51, masafa 16 hadi 72. Nyavu tatu, nchi tatu, na zote zinafunika eneo la kuanzia 32 hadi 72. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS walipendekeza tohara kama njia mojawapo ya kinga, na mwaka 2008 Kenya ilianza mpango wake, ikianzia Nyanza.